Petr Čech alirudije golini? Jibu kwa kipa aliyepigwa goti kichwani

Swali: Shikamoo kocha. Nina miaka 23, nadakia timu ya ligi ya mkoa. Miezi minne iliyopita nilitoka kuwahi mpira miguuni mwa straika, goti lake likanipata pembeni ya kichwa. Nilizimia, nikazindukia nje ya uwanja. Hospitali walinipiga picha, wakasema mfupa hauna tatizo. Nimerudi mazoezini, lakini mtu akinijia ana kwa ana mwili unagoma, najikuta nimefumba macho. Rafiki yangu ameninunulia kofia kama ile ya Petr Čech, yule kipa wa zamani wa Chelsea, anasema yule alipasuka fuvu na bado akacheza miaka mingi. Mama anataka niache mpira kabisa. Kocha, Čech aliwezaje? Na kofia hii inatosha?

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza mambo matatu kwa mpigo, na la kofia ndilo jepesi, tulimalize kwanza.

Kofia ile ni ya raga. Wacheza raga waliivaa miaka mingi kabla Čech hajaigusa. Ni sponji iliyoshonewa ndani ya kitambaa, ina matundu ya hewa na mkanda wa kufungia kidevuni. Inakinga ngozi na masikio yasichanike, na pigo likija inalitawanya kidogo lisiangukie sehemu moja ya mfupa. Čech alikuwa na shida ya mfupa. Fuvu lake lilibonyea kuelekea ndani, madaktari wa Oxford wakamfanyia upasuaji na kumwekea vibati viwili vya chuma. Mahali pakishaungwa namna hiyo hapaachwi wazi, ndiyo maana aliivaa kofia ile mpaka mechi yake ya mwisho.

Wewe umeambiwa mfupa ni mzima. Kilichoumia kwako ni ubongo, uliotikisika ndani ya fuvu kama kiini kinavyocheza ndani ya yai. Sponji iliyo nje ya fuvu haiwezi kuuzuia ubongo usicheze ndani. Rafiki yako ana moyo mzuri, ila amekununulia dawa ya mgonjwa mwingine. Ukipenda ivae, haina ubaya, mradi usijione umekuwa wa chuma ukaanza kuingiza kichwa mahali ambapo zamani ungeingiza mikono. Nimewaona vijana wa namna hiyo.

Hapo kwenye picha pia pana jambo. Picha ya kichwa inaonesha mfupa uliovunjika na damu iliyovuja. Mtikisiko wa ubongo mara nyingi hauonekani kabisa kwenye picha, kwa hiyo "picha iko safi" na "umepona" ni habari mbili tofauti. Nina maswali ambayo sijui kama kuna mtu amekuuliza. Unapata maumivu ya kichwa ukikimbia? Jua la saa nane linakuumiza macho kuliko zamani? Usiku unalala? Unasahau vitu vidogo, umeweka wapi simu, mtu amekuambia nini asubuhi? Nyumbani wanasema umekuwa na hasira za haraka? Kama jibu ni ndiyo hata kwa moja tu, simamisha mazoezi ya kugusana leo hii na uombe rufaa ukaonane na daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu. Kama uko karibu na Dar es Salaam, MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wanayo kliniki hiyo. Kupigwa mara ya pili kabla ubongo haujapona ya kwanza kunaweza kukuacha na madhara ya kudumu, na kuna waliopoteza maisha. Sikutishi. Hili ndilo jambo moja kwenye barua hii ambalo sitakubembeleza.

Sasa tuje kwa Čech, maana hadithi yake inasimuliwa vijiweni nusunusu.

Alizaliwa Plzeň, mji ulioko Ucheki, mwaka 1982. Utotoni alikuwa mshambuliaji, akavunjika mguu akiwa na miaka kama kumi, akasogezwa golini. Akapita Blšany, klabu ya kijiji kidogo tu, kisha Sparta Prague, kisha Rennes ya Ufaransa mwaka 2002. Chelsea wakamchukua 2004. Msimu wake wa kwanza Uingereza, 2004–05, Chelsea walifungwa mabao 15 tu kwenye ligi nzima, na mechi 24 yeye alimaliza bila nyavu zake kuguswa. Kuanzia Desemba hadi Machi alikaa dakika 1,025 za ligi bila kufungwa, hadi Leon McKenzie wa Norwich alipokuja kuikata ile rekodi kwa kichwa.

Huyo ndiye aliyeingia uwanja wa Reading tarehe 14 Oktoba 2006. Alikuwa na miaka 24, mmoja tu kukuzidi wewe. Mechi haikuwa imefika hata nusu dakika. Mpira ukapenyezwa nyuma ya mabeki, akatoka, akateleza chini na kuuwahi kwa mikono, na Stephen Hunt wa Reading aliyekuwa akiufukuzia akafika kwa kasi, goti likamgonga kichwani. Itafute ile video, lakini usiangalie goti. Angalia mikono. Mpira ulikuwa umeshadakwa, uamuzi wa kutoka ulikuwa sahihi, mwili ulikuwa umeshalala. Hakukosea chochote cha kiufundi, na bado fuvu likapasuka. Mwenyewe amesema hana kumbukumbu ya tukio lile. Siku hiyohiyo kipa wa akiba, Carlo Cudicini, naye akagongwa hewani mwishoni mwa mechi na kuzimia, ikabidi John Terry avae jezi ya kipa na kumalizia dakika zilizobaki. Makipa wawili katika mechi moja! Tangu hapo Ligi Kuu ya Uingereza ikakaza kanuni zake za madaktari na magari ya wagonjwa viwanjani. Huku kwetu, kwenye ndondo nyingi, gari la wagonjwa ni bodaboda.

Kitu ambacho vijiweni hawakisemi ni muda. Alikaa nje zaidi ya miezi mitatu. Huyu ni kipa namba moja wa bingwa wa Uingereza, timu inamhitaji, kipa wa pili naye ametoka kuumia, na bado hakuna aliyemsukuma uwanjani kabla madaktari hawajakubali. Ile siku aliyorudi, tarehe 20 Januari 2007 pale Anfield, kofia kichwani, Liverpool wakamfunga mawili kwa bila. Hakukuwa na maajabu yoyote. Alirudi, akafungwa, akaenda nyumbani, wiki iliyofuata akaja tena. Mwezi Mei mwaka huohuo alikuwa golini Wembley mpya, fainali ya Kombe la FA dhidi ya Manchester United, dakika 120 bila kuruhusu bao, mshambuliaji wao Drogba akamaliza kazi upande wa pili kwa bao pekee.

Linganisha na tulivyo sisi. Nilipokuwa nadaka, timu moja ambayo sitaitaja ilinirudisha golini dakika kumi baada ya kupigwa kiwiko. Walinimwagia maji ya baridi kisogoni, wakaniuliza matokeo ni ngapi ngapi, nikajibu, wakasema huyu mzima. Nilijibu kwa sababu ubao wa matokeo ulikuwa mbele yangu! Nilifungwa mawili kipindi cha pili ambayo hadi leo siyakumbuki, nasimuliwa tu, na msimu mzima nikaitwa kipa wa kuuza mechi. Kwa hiyo mwaka 2018, Loris Karius wa Liverpool alipofungwa yale mabao ya ajabu kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa kule Kyiv, na dunia nzima ikamcheka, mimi sikucheka. Siku chache baadaye madaktari wa Boston walimpima wakamkuta na mtikisiko wa ubongo, na dakika chache tu kabla ya bao la kwanza alikuwa amegongwa kiwiko cha kichwa na Sergio Ramos. Kipa mwenye ubongo uliotikisika anaweza kuuona mpira, lakini asijue kwa usahihi uko umbali gani. Siku hizi sheria za mpira zinaruhusu mashindano kuweka nafasi ya ziada ya kumbadilisha mchezaji aliyetikisika ubongo. Kwenye ligi yako sidhani kama mmeshaifikiria, muulize katibu wenu.

Umeuliza aliwezaje. Mimi nimefundisha makipa zaidi ya miaka kumi na jibu langu ni hili: Čech hakuwahi kuwa kipa wa ujasiri. Najua litawaudhi wengi. Alikuwa na mita 1.96 na mikono mirefu, sawa, lakini sehemu kubwa ya kazi yake ilifanyika kabla mpira haujapigwa. Alikuwa kipa wa kujua. Anajua beki wake amesimama wapi, anajua straika anapenda mguu gani, anajua mpira utaangukia wapi, kwa hiyo anatoka hatua moja mapema kuliko wengine na anakutana na mpira wakati mguu wa adui bado uko mbali. Kocha wake wa makipa, Mfaransa Christophe Lollichon, ambaye walijuana Rennes kisha akamfuata Chelsea, alikuwa akimfanyisha mazoezi ya macho na akili yanayoonekana kama mchezo wa watoto, hadi mashine ya kurusha vimpira vidogo. Kipa wa ujasiri akishapigwa goti ujasiri unaondoka, na anabaki mtupu. Kipa wa kujua akipigwa, ule ujuzi bado uko palepale ukimsubiri.

Ukitaka ushahidi nenda Munich, tarehe 19 Mei 2012, siku moja kabla hajatimiza miaka 30. Fainali ya Ligi ya Mabingwa, Bayern wako nyumbani kwao. Muda wa nyongeza Arjen Robben wa Bayern anapiga penati, Čech anaruka upande ule ule na kuudaka. Ikaja mikwaju ya penati, Bayern wakapiga mitano, na Čech akaenda upande sahihi kwenye yote mitano. Sita kwa sita ukimhesabu Robben. Alimpangua Ivica Olić, kisha akaugusa wa Schweinsteiger kwa ncha za vidole ukaenda kugonga nguzo. Watu wakasema ana bahati. Mwenyewe alieleza kwamba aliangalia video ya karibu saa mbili ya penati zote za Bayern za tangu mwaka 2007. Saa mbili za kutazama penati tu. Hebu jiulize mara ya mwisho wewe uliangalia video ya straika wa timu pinzani lini, na simu unayo.

Wala usidhani baada ya kofia hakukosea. Juni 2008 kule Geneva, mashindano ya Ulaya, Wacheki wanaongoza mabao mawili kwa moja dhidi ya Uturuki, dakika ya 87. Krosi ya kawaida kabisa, ya kudaka ukiwa unapiga mluzi, Čech akaikosea ikamponyoka mikononi na Nihat akaisukuma wavuni. Dakika mbili baadaye Nihat akafunga tena, Wacheki wakafungasha virago. Wachambuzi walikimbilia kusema ni ile ajali ya kichwa imemwingia akilini. Mimi nimeirudia ile krosi mara nyingi, naona kipa aliyetoka bila kusita, akakosea mikono tu. Asingetoka ndipo ningekubali kwamba ni kichwa. Na mechi yake ya kwanza ya ligi akiwa Arsenal, Agosti 2015, alifungwa mawili na West Ham nyumbani, yote akalaumiwa yeye. Msimu huohuo akamaliza na tuzo ya Glovu ya Dhahabu, ile ya kipa mwenye mechi nyingi zaidi za ligi bila kufungwa, ya nne kwake.

Mengine nayapitia haraka: ubingwa wa ligi mara nne na Chelsea, mechi 124 za timu ya taifa, mechi 202 za Ligi Kuu ya Uingereza bila kufungwa, rekodi ambayo alistaafu nayo. Mechi ya mwisho ilikuwa Baku, tarehe 29 Mei 2019, fainali ya Ligi ya Europa, Arsenal yake ikachapwa nne moja na Chelsea yake ya zamani. Kutoka Reading hadi Baku ni miaka kumi na miwili na nusu. Baada ya hapo akawa mshauri wa ufundi Chelsea, akashiriki kumleta Édouard Mendy kutoka Rennes, njia ileile aliyopita yeye. Na huwezi kuamini alikwenda kucheza nini akishatundika glovu: hoki ya kwenye barafu. Golini. Safari hii na helmeti kamili ya kufunika hadi uso. Mechi yake ya kwanza na Guildford Phoenix iliishia kwa penati, akaokoa mbili.

Turudi kwako, kwenye kufumba macho.

Kwanza ujue kwamba huo si woga wa kuonea aibu. Mwili umejifunza kwamba mtu akija kwa kasi, kinachofuata ni giza. Umejifunza kwa pigo moja, na utasahau kwa marudio mengi madogo yasiyoumiza. Usikubali kocha akwambie "jitoe mhanga" na kukuwekea mastraika watano wa kukukimbilia siku ya kwanza. Atakuongezea tatizo.

Daktari akishakuruhusu, na si kabla, anza hivi. Tafuta mchanga au nyasi nene. Weka mpira chini, umesimama, hakuna adui. Nenda ukaulalie kwa ubavu, mikono ikitangulia, mwili ukiwa umelala kukata njia ya goli kama gogo barabarani. Mikono ifike kwenye mpira, kifua kiufuate, uso ukae nyuma ya mikono, kidevu ukivutie kifuani. Makipa wengi wa huku tunaingia kichwa mbele, kwa sababu tulijifunza kwa kuwaangalia kaka zetu mtaani nao waliingia kichwa mbele. Rudia mara ishirini, upande wa kulia na wa kushoto. Upande wako mbovu utaujua mara moja.

Siku nyingine mwambie mwenzako asimame nyuma ya mpira, asiupige. Wewe nenda ukaulalie yeye akiwa amesimama tu, na macho yako yasome kwa sauti herufi au namba uliyoandika kwenye mpira kwa kalamu ya wino mzito. Hilo la kusoma nalipenda sana, kwa sababu huwezi kusoma ukiwa umefumba macho. Ukikosea namba, unarudia. Kisha mwenzako atembee kuelekea mpira. Kisha aje mchakamchaka, lakini aruke juu yako. Kisha apige, na mpira uwe umepunguzwa upepo. Mimi na kijana mmoja ilituchukua wiki sita kufika hapo, na wiki ya nne tulirudi nyuma hatua mbili kwa sababu alianza tena kupepesa. Tulirudi bila kelele. Kila hatua uipe angalau siku nzima, na kichwa kikianza kuuma wakati wowote, acha, pumzika, urudi hatua ya chini.

Wakati huohuo fanyia kazi kutoka mapema. Ukiona ulichelewa hatua moja, goti linakukuta ukiwa bado unashuka. Ukiwahi, linakukuta umeshalala na mpira uko kifuani, na straika mwenye akili ataruka. Kwa krosi za juu, nyanyua goti lako la upande wa adui, lile ndilo bampa lako, na piga kelele. "Kipa!" moja kubwa, ya kusikika hadi kwa muuza karanga. Makipa wengi niliowaona wakigongwa na mabeki wao wenyewe hawakuita. Hapo ndipo ile kofia uipime pia: ivae, mwambie beki wako akuite kutoka mita ishirini. Ukishindwa kumsikia, mkanda umebana au saizi si yako.

Kuhusu mama, hajakosea. Si kila aliyeumia alirudi. Ryan Mason wa Hull alipasuka fuvu Januari 2017 walipogongana vichwa na beki wa Chelsea, akapambana mwaka mzima, na Februari 2018 madaktari wakamshauri aache. Alikuwa na miaka 26. Alikuwa na kila kitu alichokuwa nacho Čech, hospitali, klabu, muda, na jibu lake likawa hapana. La kwako silijui mimi, halijui rafiki yako mwenye kofia, na mama naye anakisia kwa mapenzi tu. Atalijua daktari atakayekupima vizuri.

Kwa hiyo siku ya kliniki nenda naye. Aingie mpaka ndani, akae kiti cha mbele, amuulize daktari kila kinachomnyima usingizi. Daktari akikuuliza unavyojisikia na ukaanza kujibu kama mchezaji anayetaka namba kikosini, mama atakusahihisha palepale, maana ndiye anayekuona ukiamka asubuhi.